Kigae Nacho Kina Neno: Vyombo vya Nyumbani na Maisha ya Wahenga wa Zama za Kati

Juma hili tunawaalika tutazame pamoja jambo ambalo kwa kawaida halipewi nafasi katika mahubiri wala katika mikutano ya jumuiya zetu ndogondogo. Jambo hilo ni vyombo vya nyumbani: chungu, jembe, jiwe la kusagia, ushanga na bakuli. Ni vitu tunavyovipita kila siku bila kuvitazama. Hata hivyo kwa sehemu kubwa ya wahenga wetu, vitu hivyo ndivyo barua pekee waliyotuachia.

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba kuna kipindi kiitwacho Zama za Kati, yaani kiasi cha mwaka 500 hadi mwaka 1500 baada ya Kristo. Jina hilo lilibuniwa Ulaya kwa ajili ya historia ya Ulaya, na likitajwa mawazo yetu huruka mara moja kwenda huko: ngome za wafalme, monasteri, watawa wanaonakili vitabu kwa mkono. Tunajua kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi alifariki mwaka 1226, na Mtakatifu Thoma wa Akwino mwaka 1274, kwa sababu walikuwepo watu wa kuandika. Lakini hebu tujiulize: katika mwaka huo wa 1226, hapa kwenye mwambao wa Ziwa letu, je, hapakuwa na mtu? Walikuwepo. Walilima, walivua, walipika, walioza binti zao, walizika wafu wao na kulia. Hawakuandika, hilo ni kweli. Je, kwa kuwa hawakuandika, tuseme hawakuishi?

Huko Ulaya kwenyewe walioandika walikuwa wachache. Mkulima maskini wa Ufaransa au wa Uingereza wa karne ya 13 hakuacha kitabu. Naye pia anajulikana leo zaidi kwa chungu chake kilichovunjika, kisu chake chenye kutu na mifupa ya kondoo aliyemla. Basi katika jambo hili maskini wote wa dunia ni ndugu: wakubwa huacha maandishi, wadogo huacha vigae.

Vigae vya Ziwa letu

Tuanze nyumbani. Mwaka 1969 watafiti Soper na Golden walichapisha taarifa ya uchunguzi wa mambo ya kale katika mkoa wa Mwanza. Walichunguza mapango ya miamba, yakiwemo ya Nyang'oma na Chole, na humo walikuta vipande vya vyungu vya kale pamoja na mawe madogo yaliyochongwa kuwa makali ya kukatia. Yaani mawe haya haya ambayo sisi tunayapiga picha na kuyaanikia nguo, watu wa kale waliyafanya nyumba. Walikaa chini yake mvua ikinyesha, wakakoka moto, wakapika.

Kuzunguka Ziwa lote kuna aina moja ya vyungu vya kale iliyopata umaarufu mkubwa. Vinaitwa vyungu vya Urewe, kwa jina la mahali palipo Siaya, magharibi mwa Kenya. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1948 na Mary Leakey na Louis Leakey, pamoja na jina la mchungaji wa Kanisa la Anglikana, Walter Owen, ambaye alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1945. Vyungu hivyo vilitengenezwa tangu karne za mwisho kabla ya Kristo hadi kiasi cha mwaka 800 baada yake, nchini Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na katika Kagera yetu. Vinatambulikana kwa midomo iliyochongwa kwa ustadi, kwa mistari iliyochorwa kabla udongo haujakauka, na vingi vina kibonyeo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi amebonyeza kidole chake hapo kabla ya kukiweka chini.

Baadaye, karibu na mwaka 1000, mtindo ulibadilika katika nchi nyingi za Maziwa Makuu. Wafinyanzi walianza kuchukua kamba iliyosokotwa, au majani yaliyofungwa mafundo, na kuiviringisha juu ya udongo mbichi ili iache nakshi. Mapambo ya namna hiyo yameendelea kufanywa mpaka nyakati zetu. Bibi aliyekuwa akiviringisha kamba juu ya mtungi katika karne ya 20 alikuwa akifanya kwa mkono wake tendo lenye umri wa miaka 1000 hivi, wala huenda hakujua.

Mwanaakiolojia akikishika kigae, yaani mtu aliyesomea kuchimba na kusoma mabaki ya kale, hukihoji kama hakimu anavyomhoji shahidi. Una masizi kwa nje? Basi ulikaa motoni. Huna masizi, na shingo yako ni nyembamba? Basi ulitunza maji au pombe. Mdomo wako ni mpana kiasi gani? Kwa upana wa mdomo hukisia ukubwa wa chungu, na kwa ukubwa wa chungu hukisia idadi ya watu waliokula. Mafuta ya chakula huingia ndani ya udongo wa chungu na kukaa humo kwa karne nyingi, na maabara za leo zinaweza kutofautisha kama yalikuwa ya maziwa, ya nyama au ya samaki. Wakati mwingine hata alama ya kidole cha mfinyanzi imebaki. Jina lake limepotea, kaburi lake halijulikani, ila kidole chake kipo.

Chuma, chumvi na jalala

Tuvuke sasa kwenda upande wa magharibi wa Ziwa, Katuruka, karibu na Bukoba. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wa Kihaya waliosimulia habari za mtawala Rugomora Mahe na mahali penye mti uitwao Kaiija, jina linalohusiana na uhunzi. Alipochimba mahali palipotajwa na simulizi, alikuta chini ya ardhi mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa miaka kama 2000. Tutafakari hilo kidogo. Simulizi ya wazee na kigae cha ardhini vilishikana mkono. Wale waliodharau mdomo wa mzee kwa kuwa hana karatasi walipata jibu lao.

Katika miaka ya 1970 wazee waliokuwa wameujua ufundi huo tangu ujana wao walijenga tanuri upya. Ikaonekana kwamba mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilipata joto kabla ya kufika kwenye moto, na joto likapanda sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978, na wengi ulimwenguni walistaajabu. Lakini mavi ya chuma yaliyolala ardhini yanasema pia neno la pili lisilopendeza. Tanuri hula mkaa, na mkaa hula misitu. Uchunguzi wa nchi ya Buhaya umeonyesha kwamba misitu ilipungua sana katika milenia ya kwanza, kwa mkaa na kwa mashamba. Sisi wa Mwanza, ambao kila asubuhi tunaona magunia ya mkaa yakiingia mjini, tusidhani tatizo hili limeanza na sisi. Wala tusiwasingizie wahenga kwamba hawakuwahi kuharibu kitu. Walikuwa watu kama sisi, wenye akili na wenye mapungufu.

Kutokana na chuma lilipatikana jembe, na katika nchi yetu ya Usukuma na Geita kazi ya Warongo, mafundi wa chuma, ilijulikana mbali. Katika karne ya 19 majembe ya huku yalibebwa mpaka Unyanyembe, Tabora, na jembe lilitumika hata katika mahari. Familia ikipokea jembe kwa ajili ya binti yao, ilipokea chombo cha kuzalisha chakula. Hapakuwa na mtu wa kuuliza thamani yake ni nini.

Huko Ntusi, katika wilaya ya Sembabule nchini Uganda, palikuwa na makazi makubwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Kitu kinachoonekana zaidi hapo leo ni vilima viwili. Mtu angetarajia kwamba ni makaburi ya wafalme au misingi ya ngome. Siyo. Ni majalala. Watu walitupa taka zao hapo kizazi baada ya kizazi mpaka taka zikawa kilima. Ndani yake wachimbaji wamekuta mifupa mingi ya ng'ombe, mawe ya kusagia nafaka, vigae, na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Kutokana na takataka hizo tunajua kwamba watu wa Ntusi walifuga na kulima pamoja. Mfugaji na mkulima hawakuwa mataifa mawili yanayochukiana, kama watu wengi wanavyodhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Maziwa na nafaka vililiwa mahali pamoja.

Pia kuna Kibiro, kwenye mwambao wa Ziwa Albert. Mtafiti Graham Connah alichimba huko mwaka 1989 na 1990 akakuta tabaka nene sana za vigae na majivu zinazoonyesha kwamba chumvi imetengenezwa hapo kwa miaka 700 au zaidi. Waliotengeneza, na wanaotengeneza, ni wanawake. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi ili uifyonze chini ya jua. Kisha huukwangua, huutia katika chungu chenye matundu, huumiminia maji, na maji yale ya chumvi huyachemsha mpaka chumvi ibaki. Viwanja vya chumvi hurithiwa na wanawake, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Tukisoma orodha za watawala wa Bunyoro hatutaona jina hata moja la wanawake hao. Lakini ni mtawala gani aliyekula chakula bila chumvi yao?

Ushanga uliosafiri

Katika Ntusi hiyo hiyo, mbali sana na bahari, zimepatikana pia shanga chache za kioo na makombe ya kauri. Kauri ni ya baharini. Ziwa letu halina kauri. Yaani katika Zama za Kati, kabla ya barabara na kabla ya reli, kitu kidogo kilichookotwa kando ya Bahari ya Hindi kilipita mkono hadi mkono, soko hadi soko, mpaka kikafika katika nchi za Maziwa. Huenda hakuna mtu mmoja aliyesafiri njia nzima. Kila mmoja alikibeba kipande chake cha safari.

Tukimfuata kauri huyo kurudi alikotoka tutafika pwani, ambako maisha ya karne hizo yanajulikana vizuri zaidi. Kule Kilwa Kisiwani, mtafiti Neville Chittick alichimba katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Kilwa inayo maandishi pia: msafiri Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu. Sarafu ya shaba ya sultani huyo, al-Hasan bin Sulaiman, imepatikana hata Zimbabwe Kuu. Hayo ndiyo tunayoyakuta vitabuni. Lakini Chittick alipata pia vitu visivyo na jina la mfalme: vipande vya vyungu vilivyovunjika, vikaviringwa kwa kusuguliwa na kutobolewa tundu katikati. Vilikuwa vizito vya kuchomeka katika kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Chungu kilipovunjika hakikutupwa. Kilipewa kazi ya pili.

Sisi wa Nyamagana tuna kata iitwayo Pamba, na wazee wetu walijenga vyama vya ushirika kwa pamba katika miaka ya 1950. Wapo wanaodhani pamba ililetwa na wakoloni. Zao la kuuza nje kwa meli, sawa, hilo lilikuja na ukoloni. Lakini uzi wa pamba ulisokotwa na mikono ya watu wa nchi hii karne nyingi kabla ya mkoloni, na ushahidi wake ni kigae chenye tundu.

Kisiwani Pemba, watafiti wamelinganisha makazi mawili. La kwanza ni Tumbe, lililokaliwa kati ya mwaka 600 na 950 hivi. La pili ni Chwaka, mji uliokuja baadaye, kati ya karne ya 11 na ya 15. Huko Tumbe punje za nafaka zilizoungua na kubaki jikoni nyingi ni za uwele, na huko Chwaka mchele umetawala. Mabakuli nayo yaliongezeka. Katika karne hizo bakuli pana la kuwekwa katikati ya walaji lilipata heshima kubwa pwani yote, na yale mazuri yaliyong'arishwa yaliletwa kutoka Uajemi na baadaye kutoka China. Wanaakiolojia wanaeleza kwamba hapo tunaona watu wakijenga mji kwa njia ya karamu. Mwenye nacho alionyesha ukubwa wake kwa kulisha watu, na watu wakafungwa pamoja na sinia moja. Bakuli lilikuwa siasa, lilikuwa ujirani, na lilikuwa dini pia.

Sahani yetu na sahani yao

Hebu sasa tufanye zoezi dogo katika nyumba zetu, iwe Igoma, Butimba au Mkuyuni. Tutazame sahani ya chakula cha mchana. Ugali wa mahindi au wa muhogo, sangara, kachumbari ya nyanya, maharage, pilipili pembeni. Je, mama aliyeishi kando ya Ziwa mwaka 1226 angekitambua chakula hicho? Mahindi, muhogo, viazi vitamu, nyanya, maharage haya, karanga na pilipili asili yake ni Amerika. Vyote vilivuka bahari baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Kumbe hata michembe na matobolwa, tunavyoviita chakula cha asili cha Wasukuma, vimetokana na kiazi kilichotoka ng'ambo. Sangara aliingizwa katika Ziwa letu katika miaka ya 1950 na 1960, na sato vivyo hivyo ni mgeni wa miaka ile. Mama yule angetambua nini? Angetambua dagaa, kambare, kamongo, ningu na furu. Angetambua mtama, ulezi na kunde. Angelitambua jiwe la kusagia, maana magoti yake yalilijua kila alfajiri.

Hatusemi hayo ili kumnyang'anya mtu ugali wake. Tunasema ili tuwe wanyenyekevu tunapotamka maneno "asili yetu" na "desturi zetu tangu enzi". Mengi tunayoyalinda kwa ukali ni wageni wa juzi, na mengi tunayoyatupa ni wenyeji wa miaka 1000. Aidha, tusikitume kigae kusema lile kisilosema. Kigae hakituambii kama yule mama alipendwa na mumewe, wala kama mtoto wake alipona homa. Tena hakisemi kabila. Vyungu vya namna moja vilienea katika nchi tano za leo, na waliovitumia huenda walisema lugha tofauti. Makabila kama tunavyoyataja leo hayakuwa yamepata sura hii. Mtu asije akaokota kigae shambani na kukifanya hati ya kumfukuza jirani yake.

Tufanye nini na vya bibi?

Ndugu wapendwa, sasa tufike mahali penye uchungu. Katika miaka hii wapo wahubiri wanaowaambia watu kwamba vitu vya kale vilivyomo nyumbani mwa wazazi vina mikosi na laana, na kwamba lazima vichomwe. Watu wanakuja na kutuuliza: bibi amefariki, ameacha chungu, kibuyu, kigoda, jiwe la kusagia na shanga alizovaa siku ya arusi yake, je, tuchome? Katika nyumba nyingine jibu lilikuwa limekwisha kutolewa kabla ya swali kufika, na majivu yalikuwa yamekwisha kupoa.

Jibu letu ni hili. Palipo na ushirikina, yaani kitu kinachotumiwa kuagulia, kutishia watu au kutafuta nguvu nje ya Mungu, mtu na aje kwa padre wake, tuzungumze kwa utulivu na bila kelele. Lakini chungu kilichopika ugali wa watoto kumi na wawili si ushirikina. Jiwe lililosaga mtama miaka hamsini si laana. Kigoda ambacho babu alikikalia akipatanisha ndugu wawili waliogombania mpaka kina habari njema zaidi kuliko kiti cha plastiki tulichokiweka mahali pake. Injili yenyewe imejaa vyombo vya nyumbani: taa, chachu, wavu, mtungi, sarafu iliyopotea na ufagio wa kuitafutia. Bwana wetu hakuona aibu kufundishia vitu hivyo. Kila Dominika tunakutana mbele ya sahani na kikombe.

Tena tunao mfano karibu. Kule Bujora, Kisesa, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika, mzaliwa wa Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, hakuwaambia watu wachome ngoma zao. Alizikusanya pamoja na viti vya watemi na vyombo vya nyumbani, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Jengo moja hapo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikaunganishwa na ngoma za Bulabo. Vitu vya Bujora si vya Zama za Kati. Vingi ni vya karne ya 19 na ya 20. Ila bila kuviona vya jana, vya miaka 1000 tungevisomaje? Anayejua jinsi bibi alivyolishika jiwe la kusagia ndiye anayeweza kueleza jiwe lililochimbwa Ntusi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kabla hujakiondoa kitu chochote cha mzee, keti naye angali hai. Muulize: hiki kinaitwaje kwa lugha yetu? Nani alikitengeneza? Ulikipata lini, kwa furaha gani au kwa msiba gani? Andika majibu katika daftari pamoja na jina lake na mwaka. Kitu kisicho na habari ni nusu ya kitu.

Pili, tunaojenga milimani, huko Buhongwa na kwingineko, tukichimba msingi na kukuta vigae, mavi ya chuma au mifupa, tusiitupe jalalani kimya kimya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa. Viacheni vilipo, piga picha, toeni taarifa serikalini. Kigae kikishatolewa mahali pake bila kuandikwa, kimepoteza nusu ya ushahidi wake.

Tatu, tusiuze kwa tamaa. Mtu anapofika kijijini na kununua kigoda cha mtemi kwa bei ya mfuko wa sukari, anajua anachonunua. Sisi ndio hatujui tunachouza.

Na mwisho, tujitazame wenyewe. Baada ya miaka 800, mtu atachimba hapa Nyamagana na kukuta jalala letu. Atakuta chupa za plastiki zisizo na idadi, simu zilizovunjika, mifupa ya kuku, vizibo vya bia. Atatuhoji kama sisi tunavyowahoji watu wa Ntusi. Je, ataona watu waliokula pamoja au kila mmoja peke yake? Ataona chombo kilichovunjika kikapewa kazi ya pili, au vitu vipya vilivyotupwa kabla ya kuchakaa? Hatutakuwepo kujieleza. Vyombo vyetu vitatusemea, na vyombo havijui kumpendelea mtu.

Juma hili, basi, kila familia na itafute kitu kimoja cha kale ndani ya nyumba, ikiweke mezani baada ya sala ya jioni, na mwenye umri mkubwa kuliko wote asimulie habari zake. Watoto na wakishike kwa mikono yao.